Spika ya Kushoto

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye mradi wenu wa barabara. Mimi na mama yako tu wazima. Mafua yalinikamata wiki iliyopita yakanilaza, lakini yameniachia na garejini nimerudi. Wewe je? Vumbi la huko linakuacha upumue? Unakula umekaa, au bado unakula umesimama kama mtu anayewahi treni?

Mzigo wako umefika salama. Spika mbili, amplifaya na nyaya zake, mkwaruzo hakuna hata mmoja. Mama yako amezipangusa zikang'aa, akaweka vitambaa vyake vya kufuma juu. Nikavitoa. Akavirudisha. Nimeamua kumwachia. Ahsante sana, mwanangu. Hakuna fundi magari mtaa huu ambaye mwanawe amemfanyia hivi.

Sasa lawama. Spika ya kushoto ni mbovu.

Nilimwita yule fundi wa redio wanayemwita Waya, akaja akaunganisha. Nikakaa kwenye kochi langu, nikaweka ule wimbo wa magitaa mawili, ule ambao ulipokuwa mdogo ulikuwa unaulilia nikiuzima. Unajua gitaa moja linapiga kulia na jingine linajibu kushoto. Basi la kulia nalisikia kama mpigaji amekaa mapajani mwangu. La kushoto limekwenda zake. Lipo kwa mbali, kama mtu anapiga nyumba ya tatu huku milango imefungwa.

Waya akaweka sikio pale, akasema, "Mzee, mbona zote zinalia sawa?" Nikamwambia mimi naijua injini yenye valvu mbaya kabla haijakata kona ya mtaa, sasa wewe unifundishe kusikia? Nadhani amenibadilishia kifaa ndani. Hawa mafundi wa redio nawajua.

Nakuandikia humu kwenye simu kama barua kwa sababu kupiga siku hizi ni kazi bure. Juzi ulipopiga ulikuwa unaongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Mtandao umeoza kabisa. Niandikie, nitasoma.

Ni mimi baba yako.

---

9 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini wewe na Mama mnaendelea vizuri na mafua yamekwisha kabisa. Mimi sijambo, nimechomwa na jua tu. Kambini hakuna mtandao, kwa hiyo barua zako nazipata nikishuka mjini kuchukua vifaa. Nikichelewa kujibu usinune.

Kwanza, usimwite mtu mwizi kabla hatujapima. Kazi yangu ni kupima, Baba. Mlima ukisema umenyooka mimi siuamini mpaka niweke kifaa. Na kifaa unacho: simu hiyo hiyo unayoandikia. Kuna programu ya kupima ukali wa sauti. Nimekutumia, iguse tu itaingia yenyewe. Itakuonyesha namba, zinaitwa desibeli. Namba ikipanda, sauti imepanda.

Nimekutumia pia sauti ya kujaribia. Ni "shhhhh" ndefu, kama mvua juu ya bati. Usitumie wimbo, wimbo unapanda na kushuka utakuchanganya. Zima feni. Simamisha simu juu ya kochi pale kichwa chako kinapokuwa, weka mito chini yake ifike usawa wa masikio. Usiishike mkononi. Piga mvua hiyo kwa spika ya kulia peke yake, soma namba. Kisha kushoto peke yake, soma namba. Usiguse kitufe cha sauti katikati ya zoezi.

Simu si kifaa cha maabara, kwa hiyo namba yenyewe usiiamini sana. Inaweza kusema sabini kumbe ni sitini na tano. Tunachotaka ni tofauti kati ya kushoto na kulia, na hiyo itaipata vizuri. Zikitofautiana kidogo, spika ni nzima. Zikiachana sana, nitawarudishia wauzaji.

Na Waya umwombe radhi, tafadhali.

Mwanao.

---

15 Machi

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima, Mungu anasaidia. Nakutakia kazi njema.

Nimefanya ulivyosema na nimetoka jasho kuliko kushusha gia boksi. Simu imeanguka kwenye mito mara sijui ngapi. Mama yako amecheka mpaka akaenda kukaa jikoni. Kila nikisogea kusoma namba, simu inajizima kioo. Nikikigusa, namba inaruka kwa sababu ya kidole changu. Halafu lile kava la mpira ulilonipa sikukuu ile limeziba kitundu cha chini, nikawa napata namba za kaburini. Nikalitoa. Jirani wa ukutani naye akaja kugonga, anauliza bomba gani limepasuka kwetu.

Haya, namba hizi hapa. Kulia sabini na moja. Kushoto sabini na sita.

Umeona? Kifaa chako kinasema spika mbovu ndiyo yenye nguvu. Nimekaa palepale mimi mwenyewe, nimesikiliza mvua yako: kulia inanyesha, kushoto ni manyunyu. Na simu inaniambia kinyume! Sasa niamini kitu kilichotengenezwa kiwandani na watu wasionijua, au niamini masikio yaliyowasomesha ninyi wote?

Waya sijamwomba radhi. Nimemwambia kinyozi na wale wanaokaa pale kwake wawe macho naye.

Baba yako.

---

23 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi mzima ila mvua ya kweli imetufungia kambini, ndiyo maana kimya.

Baba, jibu moja: kile kitufe cha kugawa sauti kushoto na kulia, umekizungusha? Maana kushoto kuzidi hivyo si kawaida. Nina hakika ulipoona kushoto hakusikiki ulisukuma sauti huko ukasahau. Kirudishe katikati, pale penye alama nyeupe, upime tena.

Kisha fanya jambo moja zaidi. Zibadilishe spika zenyewe. Ya kushoto ipeleke kulia, ya kulia ilete kushoto. Kama ubovu utahama na spika, basi kweli spika ni mbovu na mimi nitawatafuna watu wa duka. Kama ubovu utabaki kushoto, spika haina kosa.

Na mambo ya kinyozi yamenisikitisha. Yule kijana anaishi kwa jina lake. Hata hatujamaliza kupima, Baba.

Mwanao.

---

30 Machi

Mwanangu,

Salamu. Hatujambo.

Kitufe kweli kilikuwa kimesogea. Hilo nakupa. Nimekirudisha katikati. Kulia sabini na mbili, kushoto sabini na mbili. Nimepima mara nyingi mpaka mama yako amekariri ile "shhhh" anaifanya mwenyewe akinipita.

Nimezihamisha spika pia. Ubovu umebaki kushoto.

Kwa hiyo? Simu inasema zote sawa. Mimi nasikia moja. Mama yako anasema anasikia zote, lakini huyo hata redio ikizimika anaendelea kutikisa kichwa. Nimechoka. Kila siku nikirudi kutoka garejini naona yale masanduku mawili yananitazama, moja linaongea, jingine limeninunia. Ulinitumia zawadi ya kustarehe, nimepata kazi ya pili isiyo na mshahara.

Waya alipita leo kuulizia mambo ninayoyasema kwa kinyozi. Tulirushiana maneno mlangoni. Alisema mwenye ukumbi wa sherehe amemwondoa kwenye kazi ya vipaza sauti kwa sababu yangu. Nikamwambia aende. Nilikuwa na hasira hata sikusikia vizuri alichomalizia nacho.

Wewe nawe uniambie ukweli. Hizi spika ulinunua dukani au ulinunua kwa mtu barabarani?

Baba.

---

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimekuja mjini leo kwa shughuli nyingine kabisa nikakuta barua yako, na ninajibu nikiwa nimesimama kwenye foleni, kwa hiyo nisamehe nikiwa mkali.

Nilinunua dukani. Nilijinyima ili nizinunue. Nilisafiri kutwa nzima kuzifuata. Sijakutumia takataka, na sikustahili swali lile.

Unaniambia namba, namba zinasema sawa, halafu unasema namba zinadanganya. Sasa nikusaidieje? Ningekuwa hapo ningekaa mwenyewe kwenye hilo kochi tumalize ubishi. Huku nina barabara ya kufungua na wakubwa wanaonipigia kelele, na nikipata nusu saa ya mtandao naitumia kubishana kuhusu sebule.

Limebaki jambo moja nililofikiria. Chumba. Upande wa kushoto kuna lile pazia zito la Mama na kabati la vyombo. Kitambaa kinanyonya sauti nyembamba, na magitaa ni sauti nyembamba. Simu inakupa namba moja ya jumla, haikuonyeshi kilichopotea ndani yake. Toa pazia, sogeza kabati upande wa pili, usikilize tena. Likishindikana hilo, mimi sina jingine.

Na Waya amepoteza kazi, Baba. Hilo haliwezi kuishia mlangoni.

Mwanao.

---

13 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Sisi wazima. Swali la duka lilinitoka vibaya, nalifuta.

Kabati limesogezwa. Mgongo wangu umesogea nalo. Kioo kimoja kimepasuka, mama yako hajaniambia neno, na unajua mama yako asiponiambia neno nyumba inakuwaje. Pazia liko chini, jua linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Kushoto bado kumekufa.

Na sasa zimeanza ujinga mwingine. Spika hizi zinaacha mluzi. Mwembamba, kama birika linalotaka kuchemka. Nikizizima unaendelea. Nimechomoa waya ukutani, unaendelea. Nimekwenda nao mpaka garejini. Nadhani ni ile mvua yako ya bati imeniingia kichwani.

Mwezi huu wote umenikalia vibaya. Lile basi la mteja wangu wa siku zote, yule mwenye kofia, lilikuja likigonga kwenye injini. Nikasikiliza kama siku zote, nikawaambia vijana wangu wa gareji fungueni kulia. Wakafungua kutwa nzima. Kulia hakukuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa kushoto, mahali ambapo hata mtoto angesikia. Mwenye kofia hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akaja na lori la kuvuta akalipeleka basi kwa mwingine. Miaka yote ile ananiletea mimi, na hakunitukana hata kidogo. Nilitamani anitukane.

Kesho yake dereva wa lori jingine alirudi nyuma uani kimyakimya, bila honi, nusura anikanyage. Utingo ndiye aliyenivuta kwa shati. Nimemfokea dereva mpaka mate yamenikauka. Sasa nao vijana wananiambia honi alipiga. Hata mama yako eti ameisikia akiwa sokoni. Wote wameungana.

Niambie nifanye nini na hizi spika, au nizirudishe kwenye maboksi.

Baba yako.

---

13 Aprili, jioni

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa ndani ya gari tunarudi kambini, nikamwambia dereva asimame hapahapa penye mtandao. Wenzangu wananingoja.

Achana na kabati. Achana na namba. Fanya hili sasa hivi kabla hujala.

Geuza kochi. Likalie ukizipa spika mgongo. Piga ule wimbo. Niambie ni spika ipi imekufa sasa. Sipendi kusema ninachodhani, wewe fanya kwanza.

Halafu chukua simu, iweke sikio la kulia. La kulia, Baba, si la kushoto ulilozoea kwa ajili ya kuacha mkono wa kuume ushike spana. Nipigie. Nitangoja hapa. Ninataka kujua kama bado niko ndani ya pipa.

Mwanao.

---

19 Aprili

Baba, shikamoo,

Hukupiga. Nilikaa pale barabarani mpaka wenzangu wakaanza kununa. Leo nimeomba ruhusa nikaja mjini, nimepiga tangu asubuhi, simu inaita hadi inakatika. Simu yenyewe ndiyo hiyo moja, ya kwako na ya Mama, sasa nimpate vipi mtu hata mmoja wa nyumba hiyo?

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Hata neno moja. Hata tusi.

Kila barua ulianza kwa "sisi wazima," na mimi kila barua nikakuamini nikakimbilia kwenye spika. Nimezisoma zote upya. Simu kama pipa. Mluzi. Basi. Lori. Ulikuwa unaniambia, na mimi nakujibu mambo ya mapazia.

Mama, kama unasoma hii badala yake, mpeleke hospitali. Usimsikilize akikataa. Mpeleke.

Mwanao.

---

27 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Safari hii sisemi mzima.

Niligeuza kochi siku ileile. Nilikaa nikitazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, mama yako akaweka wimbo. Gitaa lililopotea lilikuwa limerudi, wazi kabisa. Na lile la kulia, ambalo halijawahi kunisumbua hata siku moja, lilikuwa limekufa. Kwa sababu sasa lilikuwa kushoto kwangu.

Nilikaa pale mpaka wimbo ukaisha. Mama yako akauliza, "Vipi?" Nikamwambia spika ni nzima. Akafurahi. Nikatoka nikaenda kusimama uani.

Simu niliisikia ikiita, usidhani sikuisikia. Sikutaka kuiweka sikio la kulia. Nilijua kabisa nikiiweka nitakusikia vizuri, na nikikusikia vizuri basi mambo yamekwisha. Nilikukasirikia pia, sikufichi. Wewe ndiye uliyenigeuza lile kochi. Kabla ya hapo nilikuwa na spika mbovu na mtandao mbovu, na mtu anaweza kuishi na hivyo.

Mama yako alisoma barua yako ya tarehe kumi na tisa. Alivaa viatu, akanishika mkono kama ananivusha barabara.

Daktari wa masikio ni msichana wa umri wako. Aliniingiza kwenye kijumba kidogo chenye kuta za sponji, akanivalisha vitu vya masikioni, akanipa kitufe. "Ukisikia mlio, bonyeza, Mzee." Sikio la kulia nikabonyeza, nikabonyeza, vizuri kabisa. Akahamia la kushoto. Nikangoja. Nikamtazama kwenye kioo, naona mkono wake unafanya kazi. Nikangoja tena. Mwisho nikavua nikamwambia, "Daktari, mashine yako imezimika."

Akasema, "Haijazimika, Mzee."

Aliniuliza lilianza lini. Nikamwambia tangu spika zije. Hakucheka. Nikamwambia nilikuwa na mafua wiki ile, nikaamka sikio limejaa kama lina maji, kizunguzungu kidogo, nikadhani litazibuka lenyewe. Akaandika. Halafu akasema ugonjwa huu una dawa, lakini dawa yake inataka mtu aje mapema, ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. "Mbona mmechelewa hivi, Mzee? Mlikuwa mnafanya nini?"

Nikamwambia tulikuwa tunapima.

Amenipa vidonge na sindano ya ndani ya sikio. Anasema tumaini lipo ila ni dogo. Amesema nipigwe picha ya kichwa kuhakikisha hakuna uvimbe. Imepigwa, hakuna.

Baba yako.

---

4 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nashukuru kwa ile picha. Nashukuru sana.

Nimeandika barua hii mara kadhaa nikaifuta. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba msamaha tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili ilikuwa ya kukulaumu. Nakutumia zote mbili kwa pamoja kwa sababu zote mbili ni za kweli.

Wiki ya kwanza au ya pili. Wiki hizo mimi nilikuwa nakufundisha kupanga mito chini ya simu. Nilijua kuwa kitu kisipokaa sawa unaangalia kifaa, unaangalia ardhi, na unamwangalia anayesoma. Hilo ndilo somo la kwanza tunalofundishwa. Nilipima spika, nikapima chumba, msomaji sikumgusa kwa sababu msomaji ni Baba, na Baba anasikia valvu kabla haijakata kona. Nina hasira, na sina mtu wa kumpiga.

Lakini na wewe! Umeamka sikio limejaa maji na kizunguzungu, na mtu wa kwanza uliyemshuku ni Waya. Wa pili mtandao. Wa tatu simu. Wa nne duka, kisha dereva, vijana wako wa gareji, na Mama aliyesikia honi akiwa sokoni. Ulimshuku kila mtu mtaani isipokuwa kichwa chako mwenyewe. Ungeandika neno moja tu, "nimeamka sikio limeziba," ningekufokea uende hospitali siku hiyohiyo.

Basi. Nimeomba likizo. Wamenikatalia mpaka kipande hiki cha barabara kifunguliwe. Nitaomba tena. Niambie kila sindano. Na usiniandikie "mzima" kama si mzima.

Mwanao.

---

21 Juni

Binti yangu,

Barua yako ya Mei niliisoma nikaiweka. Si kwa kununa. Nilitaka nikijibu niwe na jibu la daktari, na jibu lenyewe lilikuwa linasogezwa kila miadi.

Sasa limekuja. Dawa zimekwisha, sindano zimekwisha. Sikio la kushoto halitarudi. Mluzi nao umesema utabaki kunipa kampani. La kulia ni zima na daktari anasema nilitunze, nivae vizibo garejini. Mafua gani haya, mwanangu! Yamekuja na kuondoka kama mgeni, kumbe yamebeba kitu.

Ulichoandika kuhusu kushuku watu ni kweli, na kiliniuma zaidi ya sindano. Nilikijibu kichwani mwangu wiki nzima. Nilikuwa na majibu mazuri sana. Kisha nikaenda kwa Waya.

Nilimkuta kwenye kibanda chake anachomelea redio. Nilimwambia nimekosea, nimemsingizia, anisamehe. Nilidhani ataniambia yamekwisha, Mzee, karibu ukae. Hakusema hivyo. Aliendelea kuchomelea, moshi ukapanda, kisha akasema, "Mzee, mimi hukuniharibia hapa. Uliniharibia kwa kinyozi."

Nikaondoka nimekasirika. Hebu fikiria, mtu mzima nimejishusha, naye ananipangia mahali! Nilifika nusu ya njia. Nikageuka.

Kwa kinyozi palikuwa pamejaa, siku ya mapumziko. Na yule mwenye ukumbi wa sherehe alikuwa kwenye kiti, povu shingoni. Niliposimama katikati walidhani nataka kunyolewa. Nikasema, "Sikilizeni. Mambo niliyosema juu ya Waya hayakuwa kweli. Spika zangu zilikuwa nzima tangu siku aliyoziunganisha. Kibovu ni sikio langu hili, limekufa, na mimi nilimwekea mwenzangu ubovu wangu." Mmoja akasema kitu upande wangu wa kushoto, wengine wakacheka, sijui alisema nini. Huko ndiko ninakoishi sasa, watu wanacheka na mimi sijui kama ni mimi. Nilisimama hapohapo. Nikamgeukia mwenye ukumbi, nikamwambia, "Mrudishie kijana kazi yake." Akasema ataangalia. Ndilo jibu lililopatikana, ataangalia. Sina cha kukupamba.

Garejini nafanya hivi: nachukua bisibisi ndefu, ncha naigusisha kwenye injini, mpini naukandamiza nyuma ya sikio la kulia, nahamia kipande kwa kipande. Inachukua muda. Zamani nilikuwa nasimama tu mbele ya gari, sauti inanijia na anwani yake. Sasa sauti zote zinatoka sehemu moja, na nikiitwa uani nageuka upande usio wenyewe, vijana wanajifanya hawajaona. Mwenye kofia hajarudi. Jana nilitupa spana ukutani kwa hasira, na hata sikujua imeangukia wapi, ikabidi tuitafute sote.

Mama yako anakusalimu sana. Anaimba siku hizi akipika, kwa sauti ya juu makusudi, ili nijue yuko chumba gani. Sijamwambia kwamba nimegundua.

Katika ujumbe wako mfupi wa juzi umeandika kwamba kipande chenu cha barabara kitafunguliwa mwezi ujao na ruhusa umepata. Njoo. Usinitumie kitu, usininunulie kitu. Tuna mengi ya kugombana, mimi na wewe, na ya kwenye maandishi yamenichosha. Tutakaa pale uani baada ya chakula. Kiti chako nitakiweka kulia kwangu, na uniambie yote uliyoyafuta.

Mimi baba yako.